SAMAKI WA BWAWA HAWAKUI? SIRI IMO KINYWANI MWA MAMA YAO

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo, Kericho

Kama una bwawa la samaki katika shamba lako, chukua wavu mdogo asubuhi moja uuvute pembeni, mahali maji yasipozidi magoti, kisha tazama ulichopata. Ukiona samaki tele wamejaa ndoo, lakini hakuna hata mmoja aliyezidi kiganja cha mtoto, usiseme kwamba umerogwa. Wala usiende kugombana na mtu aliyekuuzia vifaranga. Soma habari hii kwanza hadi mwisho.

Siku moja alikuja ofisini kwetu mkulima mmoja wa skimu, mtu mwenye bidii ambaye chai yake haina magugu na ng'ombe wake wanajulikana kijijini kwa maziwa. Alibeba ndoo yenye kifuniko. Hakuketi. Alisema, "Karani, niandikie barua ya mashtaka. Nilinunua vifaranga 600. Niliambiwa kwamba mwaka ukiisha nitapata samaki wa robo kilo kila mmoja. Sasa mwaka umekwisha na hawa ndio samaki wangu. Karo ya binti yangu nilikuwa nimeihesabu humu ndani ya maji. Afadhali nilifukie bwawa, nipande majani ya nepia kama jirani yangu."

Nilichukua kalamu, kwa kuwa kuandika barua ndiyo kazi yangu. Lakini Bwana Samaki alikuwa chumba cha pili, akasikia sauti. Alikuja, akafunua ndoo, akamimina maji polepole katika beseni. Chini ya ndoo palikuwa na punje nyingi za rangi ya manjano, kubwa kuliko wimbi na ndogo kuliko mtama. Mkulima alidhani ni chakula kilichobaki. Bwana Samaki akasema, "Mzee, hizi si punje za nafaka. Haya ni mayai. Wale uliowaleta kama watoto wasiokua ni akina mama. Waliyatema njiani kwa hofu."

Yule mkulima alinyamaza, na mimi pia nikaweka kalamu chini. Nilisomea ualimu kabla ya kuwa karani, na nimefundisha watoto kwamba samaki hutaga mayai. Lakini sikuwa nimeona kwa macho yangu samaki wa urefu wa kidole akiwa mama. Toka siku hiyo nimeuliza na kusoma, na sasa nakuletea niliyoyapata, maana jambo hili linagusa mfuko wako.

KUZAA SI KAZI, KAZI NI KULEA

Methali hiyo waijua. Samaki nao wanaifuata, kila aina kwa njia yake. Ukizijua njia tatu nitakazokueleza hapa, utafahamu bwawa lako kuliko jirani yako.

Tuanze mbali, baharini. Sisi wa vilimani tumemjua papa kwa jina tu, au tumemwona amekaushwa sokoni Mombasa. Papa wengi huzaa watoto walio hai. Lakini wako papa wanaotaga mayai. Mmoja wao anapatikana hata katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, naye ni papa mwenye madoa kama chui, anayeweza kupita urefu wa mita mbili. Mwingine ni papa mdogo wa bahari za Ulaya, asiyezidi mita moja, mwenye madoadoa mwilini. Huyu mdogo amechunguzwa sana na wataalamu, kwa kuwa anavumilia kukaa katika matangi ya kioo.

Dume la papa huyu hutia mbegu zake ndani ya mwili wa jike, kama wafanyavyo wanyama wa nyumbani. Kila yai, kabla halijatoka, hufungwa katika mfuko mgumu, laini kwa nje, wa rangi ya kahawia, mfano wa pembe nyembamba. Mfuko wenyewe una urefu wa vidole viwili au vitatu ukivilaza pamoja, na katika kila pembe nne zake umetoka uzi mrefu uliojipinda. Jike hutoa mayai mawili kwa mara moja. Huogelea akizunguka majani ya baharini mpaka nyuzi zile zijifunge kama mshipi, kisha huenda zake wala harudi. Amekwisha kulea kabla ya kuzaa. Ndani ya mfuko mna kiini kikubwa cha yai, nacho humlisha mtoto kwa miezi mitano hadi kumi na mmoja, kulingana na joto la maji. Maji yakiwa baridi, mtoto hukawia. Anapotoka ana urefu wa karibu sentimita 10.

Basi hiyo ndiyo njia ya kwanza: mayai machache, makubwa, yenye akiba na ngome.

Njia ya pili ni ya kambare, yule samaki mweusi asiye na magamba, mwenye ndevu. Mvua kubwa zikinyesha na mito ikifurika, kambare huingia penye majani yaliyofunikwa na maji, na jike mmoja mkubwa humwaga makumi ya maelfu ya mayai madogo. Mayai hunata katika majani. Maji yakiwa na joto jema huanguliwa kwa muda wa siku moja au mbili tu. Baba na mama wamekwisha kwenda. Vyura, wadudu wa maji na samaki wengine hula karibu wote, na wachache wanaobaki ndio wanaoendeleza ukoo. Huyu hategemei malezi, anategemea wingi.

Njia ya tatu ndiyo iliyomo ndani ya bwawa lako.

MAMA ANAYEFUNGA KULA

Samaki tunayefuga zaidi katika Kenya ni tilapia wa mto Nile, ambaye wengi humwita ngege. Dume lake likikomaa huchagua mahali penye maji machache, mara nyingi chini ya mita moja, na kuchimba shimo la mviringo kwa kinywa na mkia. Ukiyapunguza maji ya bwawa utaona mashimo hayo chini, kama sahani zilizopangwa. Kila dume hulinda lake na kufukuza madume wengine. Wakati huo koo na mapezi yake hupata wekundu.

Jike aliye tayari huja juu ya shimo. Hutaga mayai kidogo kidogo, dume hupita na kumwaga mbegu zake juu yake, na papo hapo jike hugeuka na kuyaokota kwa kinywa. Akimaliza huondoka, na dume hubaki likingoja jike mwingine. Kazi ya baba imeishia hapo.

Toka saa hiyo kinywa cha mama ni nyumba. Hukaa mahali pa utulivu, akiyageuzageuza mayai mdomoni ili yapate maji safi. Maji yakiwa na joto la kama digrii 27, mayai huanguliwa kwa muda wa siku nne au tano. Watoto hubaki humo humo wakitumia kiini chao kama watoto wa papa, mpaka waweze kuogelea na kula. Hata baada ya kuwatoa, kwa siku kadhaa mama huwa karibu nao, na likija la hatari hufungua kinywa wakaingia tena, mfano wa kuku na mbawa zake. Shughuli yote huchukua kama majuma mawili.

Katika muda huo mama hali, au hula kidogo sana. Fikiri mwenyewe: atalaje na mdomo umejaa watoto? Mara tu anapomaliza kulea huanza kula tena, na nguvu anayopata huenda katika kutengeneza mayai mengine. Maji yakiwa na joto anaweza kutaga tena baada ya majuma manne hadi sita. Hiyo ni sehemu ya sababu kwa nini jike hubaki mdogo na dume hukua upesi. Dume linalolishwa vizuri laweza kukua kwa kasi ya karibu mara mbili ya jike.

Mayai yake si mengi. Jike mwenye gramu 100 hutoa kama mayai 100, na jike mkubwa wa gramu 600 hadi kilo moja hutoa 1,000 hadi 1,500. Ukilinganisha na kambare ni machache mno. Lakini kwa sababu ya kinywa cha mama, wengi wao huishi. Na hapo, ndugu mkulima, ndipo tatizo lako lilipoanzia.

HESABU YA BWAWA

Tuifanye hesabu kama darasani. Bwawa la mita 20 kwa mita 15 lina mita za mraba 300. Tuseme kwamba chakula na mbolea unayotia vinatosha kutoa kilo 150 za samaki. Kilo hizo ni kama sufuria moja ya kimyet: watu wakiongezeka, sufuria haiongezeki.

Samaki 600 wakigawana kilo 150, kila mmoja hupata robo kilo. Huyo ni samaki wa kuuza. Lakini nusu ya wale 600 wakiwa majike, na wakazaa mara mbili au tatu kabla ya kuvuna, si ajabu ukawa na samaki 6,000. Kilo 150 ukizigawanya kwa 6,000 kila mmoja hupata gramu 25. Huyo hauziki, na hata paka hamshibi.

Uzito wa samaki haukupotea. Chakula ulichotoa hakikupotea. Kimegawanywa kwa vinywa vingi mno.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Katika maziwa yetu makubwa, ngege huyu hukomaa akiwa na umri wa miezi kumi au kumi na miwili, na uzito wa gramu 350 hadi 500. Katika bwawa la shamba hukomaa kwa miezi mitano au sita tu, akiwa bado mdogo. Na akibanwa, akikosa chakula, hachi kuzaa. Huweza kuzaa hata akiwa chini ya gramu 20. Samaki akiona maisha ni magumu huacha kukua na kushika kuzaa. Kwa hiyo wale wadogo waliokuwa katika ndoo ya yule mkulima walikuwa wazazi waliodumaa. Hata angewangoja mwaka mwingine, wasingekua.

BARIDI YETU YA VILIMANI

Mkulima wa Kericho au Bomet ana shida moja ambayo mwenzake wa kando ya ziwa hana. Nchi yetu iko juu, na mahali pengi hufika mita 2,000 juu ya bahari au zaidi. Ubaridi unaopendwa na chai haupendwi na ngege. Huyu hukua vizuri zaidi maji yakiwa na digrii 26 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 hula kidogo. Yakikaribia 16 huacha kula kabisa. Ili azae vizuri anataka kama digrii 22 hadi 24 na kuendelea.

Waweza kusema, "Basi baridi itawazuia kuzaa, nami nimepona." La, usijidanganye. Mwezi wa saba na wa nane watapumzika, ni kweli. Lakini kuanzia Januari hadi Machi jua huwa kali, maji ya pembeni hupata moto mchana, na ndipo wanapozaa. Tena kwa kuwa huku juu samaki hukua polepole, wewe hungoja muda mrefu zaidi kabla ya kuvuna, na muda huo mrefu unawapa nafasi ya kukomaa na kuzaa kabla hawajafika uzito wa kuuza. Ndiyo maana mkulima wa milimani ana haja zaidi ya kutenga madume na majike kuliko mtu wa Kisumu.

Kwa hiyo pima maji yako. Nunua kipima joto, upime asubuhi na saa tisa mchana, uandike. Usichimbe bwawa chini ya kivuli cha mikaratusi. Usiache maji ya kijito baridi yapite ndani mchana na usiku. Jaza bwawa, kisha ongeza kiasi cha kufidia yaliyopungua tu. Wale wa upande wa Sotik na Chepalungu wana nafuu ya joto kuliko wale wanaopakana na msitu wa Mau. Aliye juu kabisa, penye baridi kali na maji safi yanayotiririka, aulize habari za trauti, samaki wa maji baridi ambaye aliletwa mito ya Aberdare mwaka 1905 kutoka Uskochi. Lakini trauti anataka chakula cha gharama na maji mengi yasiyokatika.

TENGA MADUME

Dawa ya ugonjwa huu ni moja: bwawa la kukuzia liwe na madume peke yake. Ziko njia tatu.

Ya kwanza ni kununua vifaranga ambavyo vimefanywa kuwa madume vikiwa vichanga. Katika vituo vya kuzalisha, watoto wa ngege hupewa chakula chenye homoni kwa majuma matatu au manne ya kwanza, kabla miili yao haijaamua kuwa dume au jike. Ukinunua, uliza waziwazi: "Je, hawa ni madume watupu au ni mchanganyiko?" Uandikiwe jibu katika risiti.

Ya pili ni kuchanganya koo mbili. Habari hii yafaa uijue, maana ina fahari ya Afrika Mashariki ndani yake. Huko Malaka, katika nchi ambayo leo ni Malaysia, mtaalamu Mwingereza, C. F. Hickling, alizalisha dume la tilapia lililotoka Zanzibar na jike wa tilapia aliyekuwa amekwisha kuenea Asia, ambaye asili yake pia ni Afrika. Watoto wakawa karibu wote madume. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 1960, na tangu hapo wafugaji wa samaki wa dunia nzima wakafahamu kwamba tatizo la bwawa kujaa vidagaa lina tiba. Lakini kazi ya kuchanganya koo ni ya vituo vyenye wataalamu, si ya shambani.

Ya tatu ni ya mikono yako mwenyewe, nayo haina gharama ila subira. Fanya hivi.

Weka vifaranga kwanza katika bwawa dogo la kulelea mpaka wafikie gramu 30 hadi 50. Usingoje zaidi, samaki mkunje angali mbichi. Asubuhi, kabla ya jua kali, wavue kidogo kidogo. Lowesha mikono yako, maana mkono mkavu huwachubua. Mshike samaki tumbo likiwa juu. Karibu na pezi la nyuma ya tumbo utaona tundu la choo, na nyuma yake kinundu kidogo. Tazama kinundu hicho. Dume lina tundu moja tu nchani, na kinundu chenyewe kimechongoka. Jike ana tundu la mkojo na tena mkato mdogo wa kupitia mayai, na kinundu chake ni cha mviringo zaidi. Ukijumlisha na tundu la choo, dume lina matundu mawili na jike matatu. Kama huoni vizuri, pakaza tone la rangi ya chakula. Mkato wa jike utajionyesha mara moja.

Mpe kijana wako wa shule kazi hii. Macho yake ni makali kuliko yako na yangu. Lakini hata stadi hukosea, kwa hiyo mwenye shaka naye mweke upande wa majike.

Usiwatupe majike mtoni. Samaki wa bwawa hawafai kutiwa katika mito yetu. Wapike nyumbani, au wakaushe na kuwasaga mchanganye na chakula cha kuku.

KAMBARE AWE ASKARI

Majike watatu wakiponyoka ndani ya bwawa la madume mia tatu, wanatosha kukurudisha ulikotoka. Basi weka askari. Askari huyo ni kambare, maana hula watoto wa ngege. Kambare mmoja kwa ngege kumi hufaa. Angalia mambo mawili. Kwanza, kambare awe mdogo kuliko ngege siku unayomtia, ama sivyo atakula mali badala ya wezi. Pili, usiogope kwamba naye atajaza bwawa. Kambare hazai ovyo katika bwawa tulivu. Anangoja mafuriko kama nilivyokueleza. Ndiyo sababu vifaranga vyake hutoka vituoni, ambako majike hudungwa sindano ya homoni ili watoe mayai.

UDONGO WA CHAI NA DAWA YA KUPE

Mambo mawili ya nchi yetu sitayaacha. Chai hupenda udongo wenye uchachu. Samaki hawaupendi. Bwawa lililochimbwa katika udongo huo huhitaji chokaa ya kilimo kabla ya kujazwa maji, ili mbolea ya samadi iweze kuotesha ukijani ambao ngege hula. Kipimo cha chokaa hutegemea udongo wako, basi upimwe kwanza.

La pili ni dawa ya kupe. Nyingi ya dawa hizi ni sumu kali kwa samaki, hata kidogo kilichobaki chini ya pampu. Usiogeshe ng'ombe juu ya bwawa, wala usisafishe pampu yako humo. Maji ya mvua yanayotoka bomani yapitishwe mtaro wa kando.

YAKUMBUKE HAYA

1. Kabla ya kuchimba, muone Bwana Samaki wa kaunti, na uulize ruhusa ya kutumia maji. Usichimbe juu ya chemchemi wala ukingoni mwa mto.

2. Nunua vifaranga mahali panapojulikana. Kituo cha Sagana kilianzishwa mwaka 1948, na karibu nasi zaidi kiko kituo cha Kegati upande wa Kisii.

3. Tia samaki wawili au watatu kwa kila mita ya mraba, wasizidi.

4. Kila mwezi vua samaki kumi, uwapime, uandike uzito. Mali bila daftari huisha bila habari.

5. Ukiona vitoto vinaelea pembeni kwa kundi, toa kwa chandarua siku hiyo hiyo.

6. Zungushia bwawa ua na kata vichaka, maana fisi-maji na korongo nao wanajua siku ya mavuno.

7. Ukivuna, kausha bwawa mpaka tope lipasuke kabla ya kutia wengine. Kidimbwi kimoja kikibaki, mama mmoja amebaki.

MWISHO WA NDOO ILE

Yule mkulima hakuandikiwa barua ya mashtaka. Tuliangalia daftari: vifaranga vyake vilikuwa vya mchanganyiko, na hakuna aliyemdanganya, ila hakuna aliyemweleza pia. Hilo ni kosa letu sote tunaoshika kalamu, na ndiyo sababu ya kuandika habari hii.

Karo ya binti ililipwa kwa bonasi ya chai na ndama mmoja, jambo lililomuuma. Lakini hakulifukia bwawa. Katika juma la jua la mwezi wa pili alilikausha. Majirani walibeba vidagaa kwa mabeseni. Wazee wengi wa huku hawakulelewa kula samaki, na mama yake mzee alikaa mbali, akafunika pua kwa leso. Mkulima akatia chokaa, akajaza maji, akanunua vifaranga upya, akavilea, na siku ya kutenga binti yake yule wa sekondari, aliyekuwa likizoni, ndiye aliyesoma matundu. Alitenga zaidi ya mia mbili na hamsini kwa asubuhi moja, naye baba alikuwa akishika ndoo.

Mwezi wa tisa baada ya kutia samaki nilialikwa kuona wavu ukivutwa. Sikuona miujiza. Wengi walikuwa karibu na robo kilo, wengine walipungua. Majike watatu walikuwemo, waliopita machoni mwa binti, na mmoja alitema mayai yake juu ya nyasi mbele yetu. Binti aliyaokota kwa kijiti, akayahesabu kwa sauti mpaka 84, kisha akanyamaza akiyatazama.

Mama mzee aliuliza, "Na yule aliyekuwa nayo mdomoni, alikula nini siku zote hizo?"

Tukamwambia hakula.

Akasema, "Basi huyo ni mzazi." Akaomba aletewe kipande kidogo cha dume, aonje.

Ndugu mkulima, nenda kalitazame bwawa lako kesho asubuhi. Usiulize kwanza wako wangapi. Uliza ni akina nani, madume au majike, na wana umri gani. Ukiwa na swali, njoo ofisini pamoja na ndoo yako, uifunike vizuri njiani, na usiyamwage maji ya chini.